Pangeni Zamu Kabla ya Zawadi: Mwongozo Kamili wa Kujitolea Kuwahudumia Wazee wa Mtaa

Wasomaji kadhaa wa Dar es Salaam wamenieleza kisa kilekile kwa maneno tofauti. Vijana wa mtaa walikusanyika, wakachanga, wakanunua mchele, sabuni na khanga, wakawatembelea wazee ishirini Jumamosi moja na kupiga picha. Mwezi wa pili wakaenda nusu yao, na mwezi wa tatu hakwenda mtu. Mimi mwenyewe nimo katika kisa hicho. Kikundi changu cha kwanza, huko Temeke, kilianza na orodha ya wazee thelathini na wawili tukiwa watu saba, na hadi leo kuna vibaraza ninavyovipita nikiwa nimeinamisha kichwa.

Hatukuwa wavivu. Tulianza na zawadi mahali palipohitaji zamu. Mzee anayeishi peke yake Tandika au Manzese hufaidika zaidi na mtu atakayefika Jumatano ijayo kama alivyofika Jumatano hii kuliko na gunia linaloletwa mara moja na wageni kumi asiowajua majina. Hatua zinazofuata zimepangwa kwa kuanzia hapo, na anayetaka kuzifuata asiruke yoyote kwa sababu inaonekana ndogo.

## Vitu vya kuandaa

Vitu vinavyohitajika ni vichache, na vingi mnavyo tayari.

- Watu sita, wanawake na wanaume, wanaoishi mtaa huo au mtaa wa jirani. Wanne wanatosha kuanza. Kumi na tano ni wengi mno, kwa kuwa kila mmoja atadhani mwenzake amekwenda.
- Kaunta buku moja ya kumbukumbu za ziara na nyingine ya fedha. Zisichanganywe.
- Barua ya utambulisho yenye muhuri wa serikali ya mtaa, pamoja na nakala yake kwa kila jozi ya wanakikundi.
- Simu moja ya kikundi yenye salio wakati wote, na namba zake ziandikwe kwa tarakimu kubwa kwenye vipande vya kadibodi vitakavyobandikwa ukutani kwa kila mzee.
- Glavu, sabuni, tochi na kamba ya kuanikia.
- Akiba ndogo ya bajaji na dawa. Kiasi chochote mnachoweza kuchanga kila mwezi bila kukopa kinafaa. Ahadi kubwa isiyolipwa huvunja kikundi haraka kuliko umaskini.

Msinunue kipimo cha presha mwanzoni. Kikundi kikiwa na kipimo bila mtu aliyefundishwa kukitumia, wanakikundi huanza kutoa ushauri wa dawa, na hapo hatari huanza.

## Hatua ya 1: Chagueni eneo dogo

Chukueni shina moja (yaani nyumba zilizo chini ya mjumbe mmoja) au mawili, eneo ambalo mwanakikundi anaweza kulizunguka kwa miguu ndani ya robo saa. Foleni ya Dar es Salaam inafahamika. Anayetoka Kinyerezi kwenda kumhudumia mzee wa Mbagala atakwenda kwa moyo mweupe mara mbili, na mara ya tatu atakwama Tazara hadi giza liingie.

Mtajua mmechagua vizuri ikiwa kila mwanakikundi anaweza kwenda na kurudi bila nauli.

## Hatua ya 2: Nendeni kwanza ofisi ya serikali ya mtaa

Watu wengi huruka hatua hii kwa kuona kwamba wema hauhitaji kibali. Hata hivyo, mtaa wa mjini umejaa matapeli wanaojifanya maofisa wa mradi, na mjukuu anayewafukuza wageni mlangoni kwa bibi yake anafanya jambo la busara. Muhuri wa mtaa ndio utakaowatenganisha ninyi na matapeli hao.

Onaneni na mwenyekiti wa mtaa pamoja na mtendaji wa mtaa, kwa kuwa wa kwanza amechaguliwa na wakazi na anawajua kwa sura, ilhali wa pili ni mwajiriwa ambaye ofisi yake huandika barua na kutunza kumbukumbu. Ombeni mambo manne: barua ya utambulisho, kutambulishwa kwa wajumbe wa mashina mliyoyachagua, kukutanishwa na baraza la wazee la mtaa au kata kama lipo, na namba za simu za afisa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayehudumia eneo hilo.

Elezeni kwa maneno ya wazi, mbele ya mjumbe, kwamba hamwandikishi watu kwa ajili ya TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, wala mkopo wala mradi wowote. Kwa kuwa Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa mfuko huo unafahamika sana, mtu yeyote anayeonekana na daftari nje ya nyumba ya mzee hudhaniwa kuwa ameleta pesa, na dhana hiyo ikishaota mizizi hamtaiondoa kwa mwaka mzima. Kwa sababu iyo hiyo, asivae mtu fulana ya chama cha siasa siku ya ziara.

## Hatua ya 3: Chagueni wazee wachache

Watu sita, yaani jozi tatu, wasianze na wazee zaidi ya sita. Najua orodha ya mjumbe itakuwa ndefu na kukata majina kutawauma. Ni afadhali kumwambia mzee wa saba ukweli kwamba bado hamjaweza kumfikia kuliko kumfikia mara moja na kumtupa.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 humtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na kuendelea, lakini umri pekee hauwasaidii kuchagua. Kuna wazee wa miaka 75 wanaouza maandazi alfajiri na wanaoweza kuwafundisha ninyi kazi. Ulizeni maswali matatu: analala na nani ndani ya nyumba, jana alikula nini na nani alikipika, na ni lini alitoka nje ya uwanja wake mara ya mwisho. Majibu ya maswali hayo yatawaonyesha nani aanze.

Msimsahau mzee anayelea wajukuu. Nyumba yake inaonekana imejaa watu, kumbe yeye ndiye mtu mzima pekee.

Vilevile, waulizeni muuza genge na kijana anayesukuma mkokoteni wa madumu ya maji. Hao huwajua wazee ambao wameacha kununua mboga au wanaochukua dumu moja kwa siku tatu, na mara nyingi majina hayo hayamo kwenye orodha yoyote.

## Hatua ya 4: Ziara ya kwanza

Nendeni wawili, na mjumbe awatangulie. Saa nne asubuhi au baada ya alasiri ni wakati mzuri. Saa za swala ziepukwe, na Ijumaa mchana iachwe kabisa. Pigeni hodi na msubiri. Hodi ya tatu isipojibiwa, ondokeni, isipokuwa mna sababu ya kuamini kwamba mzee ameanguka ndani.

Anzeni na shikamoo, mvue viatu, mkae panapoonyeshwa, hata kama ni kwenye mkeka huku mkiwa mmevaa suruali za kubana. Mwiteni kwa jina analoitwa mtaani: Bibi Fulani, Babu Fulani, Mama Fulani. Wapo wasiopenda kuitwa bibi, na watawaambia.

Msiulize, "Tukusaidie nini?" Swali hilo lina majibu mawili tu, ama "Hakuna, Mungu anatosha," kwa sababu ya heshima, ama orodha ya mahitaji makubwa kuanzia bati hadi ada za wajukuu. Ulizeni juu ya siku yake: ameamkaje, maji anayapata wapi, kipi kimemchosha zaidi wiki hii. Bibi mmoja aliniambia kwamba kinachomchosha ni kuinama kuchukua kata kwenye ndoo. Tulipandisha ndoo juu ya kigoda, na kazi ya wiki ile ikawa imekwisha.

Mtafuteni ndugu anayehusika naye, awe mtoto anayeishi Gongo la Mboto au mpwa wa Tanga anayetuma pesa mwisho wa mwezi, mpigieni simu na kujitambulisha. Bila hatua hiyo, mtoto anaweza kuona kwamba mmekuja kumwaibisha, au akaona kwamba sasa mama yake amepata watu na yeye apumzike. Mwambieni waziwazi kwamba ninyi mnaongezea mkono wake na hamchukui nafasi yake.

Picha zisipigwe siku hiyo. Baadaye pia, ombeni ruhusa kwanza na mkubali kukataliwa, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamlinda mzee kama inavyomlinda mtu mwingine yeyote. Na hata kama sheria hiyo isingekuwapo, sioni heshima gani iliyomo katika kumpiga picha mtu akiwa amekumbatia mche wa sabuni.

Ziara imefanikiwa ikiwa mzee mwenyewe amewatajia siku ya kurudi. Akisema tu "Karibuni tena," rudini wiki ijayo siku ileile na saa ileile, na mtaona tofauti.

## Hatua ya 5: Zamu ya kila wiki

Kila jozi ipewe wazee wawili na siku moja isiyobadilika. Iwe jozi ileile, kwa sababu mzee anayesahau majina hukumbuka sauti na mwendo, na pia kwa sababu anayemwona mtu kila wiki ndiye atakayegundua kwamba amekonda au ameanza kuvaa kandambili tofauti miguuni. Dakika arobaini na tano zinatosha, na nusu ya muda huo iwe mazungumzo, hata kama mwanakikundi anadhani hajafanya kazi.

Kazi zenu ni kuteka maji, kufua, kupika, kununua umeme wa LUKU, kukata kucha za mikono, kusoma ujumbe wa simu na kumsindikiza mzee kutembea. Kazi zisizo zenu ni kuchoma sindano, kubadilisha dozi, kusimamia mirathi na kuamua ugomvi wa kiwanja. Kumwogesha mzee kufanywe tu kwa ridhaa yake na ya familia, na afanye mtu wa jinsia yake.

### Dawa

Bahasha za dawa huandikwa alama kama 1×2 au 2×3, yaani idadi ya vidonge na mara za kumeza kwa siku. Babu mmoja mwenye mtoto wa jicho hakuwa anaona alama hizo na aliona aibu kusema, kwa hiyo alimeza dawa zote asubuhi "ili nisisahau." Tulitafuta makopo mawili, moja tukalifunga kitambaa chekundu na kuliweka karibu na birika la chai ya asubuhi, lingine tukaliacha bila kitambaa karibu na kitanda. Fanyeni hivyo kwa kufuata maandishi ya bahasha tu, na pale mnapotia shaka, mpigieni mhudumu wa afya kabla ya kugusa kidonge.

### Fedha

Asiijue mtu namba ya siri ya simu ya mzee, hata kama mzee mwenyewe anaitaja kwa sauti kubwa mbele ya dirisha. Pesa yoyote aliyowatuma dukani iandikwe kwenye daftari: kiasi, kilichonunuliwa, chenji, na sahihi au alama ya kidole gumba. Wafundisheni wazee kuutambua ule ujumbe wa kitapeli unaoanza na "ile pesa tuma kwenye namba hii". Makubaliano yawe kwamba hakuna pesa inayotumwa kabla ya kumpigia mtoto au jozi yake ya zamu.

### Mzee asiyeinuka kitandani

Ageuzwe ubavu kila baada ya saa mbili, jambo ambalo kikundi cha zamu ya wiki hakiwezi kulifanya. Kazi yenu ni kumfundisha anayelala naye, na kukagua kiuno, makalio na visigino kila mnapofika. Sehemu iliyobadilika rangi au iliyo na joto ni mwanzo wa kidonda, kwa hiyo mwiteni mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

## Hatua ya 6: Kumpeleka kliniki

Hapa ndipo kikundi huonyesha faida yake, kwani wazee wengi wana haki ambayo hawaipati kwa kukosa mtu wa kusimama nao kwenye foleni. Kwa mujibu wa sera, mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, lakini lazima atambuliwe kwanza. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 nayo imeleta utaratibu wake, kwa hiyo mwulizeni afisa ustawi wa jamii ni nyaraka gani zinazotakiwa kwa sasa, kabla ya kumwamsha mzee saa kumi na moja alfajiri.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, tieni ndani ya mfuko mmoja kitambulisho cha NIDA au barua ya mtendaji wa mtaa, kadi ya matibabu ya wazee kama anayo, daftari la kliniki, na dawa zote anazotumia, zikiwamo za mitishamba. Daktari akiona vidonge vyenyewe hatalazimika kukisia maana ya "kile cheupe kidogo."

Anzeni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, kwa sababu hospitali za rufaa za mkoa, yaani Amana, Mwananyamala na Temeke, zinapokea wagonjwa wa rufaa, na kwenda moja kwa moja bila dharura humrudisha mzee nyumbani akiwa amechoka bure. Tumieni bajaji, si bodaboda. Mkifika, ulizeni dirisha la wazee; vituo vingi vina bango la kuwapisha wazee watibiwe kwanza, na kulitaja kwa upole husaidia kuliko kugombana.

Wekeni akiba ya fedha ya kununua dawa. Msamaha wa gharama haumaanishi kwamba dawa ipo stoo.

Kuna dalili ambazo hazisubiri zamu wala foleni. Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu, au maneno yakianza kuburuzika ghafla, huenda ni kiharusi: andikeni saa dalili zilipoanza, msimpe chakula wala maji kwa sababu anaweza kupaliwa, na mkimbizeni hospitali. Mgonjwa wa kisukari anayetokwa jasho, kutetemeka na kuchanganyikiwa huenda sukari imeshuka. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, mpeni maji ya sukari au soda ya kawaida, kisha mpelekeni kituo cha afya. Aliyepoteza fahamu asitiwe chochote mdomoni.

## Hatua ya 7: Kagueni nyumba kabla ya masika

Kazi hii hufanywa mara moja kwa mwaka, mwezi wa Februari, kwa kuwa masika huanza Machi. Tazameni njia ya kwenda chooni usiku, kizingiti kilichoinuka, mkeka unaoteleza na jiko la mkaa linalowashwa chumbani milango ikiwa imefungwa. Fimbo ya kushikilia iliyokitwa kando ya choo ni kazi ya saa moja na huzuia kuvunjika nyonga.

Kwa wanaoishi bondeni, kama katika maeneo ya bonde la Msimbazi, andikeni mapema nani atambeba nani, na kwa nani atalala. Maji yakishaingia ndani, hakuna mwenye nafasi ya kupanga.

## Hatua ya 8: Mkiona mzee anaonewa

Dalili ni michubuko isiyo na maelezo, mzee anayenyamaza kila kijana fulani anapoingia, pesa ya pensheni inayopotea, au hati ya nyumba inayotafutwa kwa haraka. Msimkabili mtuhumiwa. Mkiondoka, mzee atabaki naye usiku.

Andikeni mlichokiona na tarehe yake, bila kuongeza mnachokidhani. Mwulizeni mzee faraghani anataka nini, kisha mpelekeeni taarifa afisa ustawi wa jamii wa kata au manispaa. Pakiwa na kipigo au hatari ya haraka, nendeni dawati la jinsia na watoto katika kituo cha polisi. Jina la dawati lisiwazuie, kwani ukatili dhidi ya mzee nao hupokelewa pale.

## Hatua ya 9: Mwezi wa tatu na kuendelea

Kutaneni mara moja kwa mwezi, kwa saa moja, madaftari yote mawili yakiwa mezani. Kila jozi iseme zamu ngapi zilikwenda na ngapi zilikosa, bila kuomba radhi ndefu. Mkiona zamu zinazokosa zimezidi robo, punguzeni idadi ya wazee wapya, msiongeze hotuba. Usajili wa kikundi kupitia afisa maendeleo ya jamii unaweza kusubiri hadi mtimize miezi sita. Nimeona vikundi vilivyokuwa na katiba, mhuri na mweka hazina kabla ya kuwa na mzee hata mmoja.

Mzee mmoja atafariki. Hudhurieni mazishi kama wanamtaa wengine, bila fulana za kikundi, na jozi iliyomhudumia ipewe wiki mbili kabla ya kupewa mzee mwingine.

Mwanakikundi anayehama au kupata kazi ya zamu asiondoke kimyakimya. Aende ziara mbili pamoja na atakayeshika nafasi yake, amkabidhi daftari mbele ya mzee, na amwonyeshe mambo ambayo hayakuandikwa: sikio lipi linasikia, chai isiwe na tangawizi, mlango wa uani husukumwa kwa goti. Ziara ya tatu mgeni aende bila yeye, na mzee akiuliza yule mwingine yuko wapi, aambiwe ukweli kwamba amehamia Kibaha kikazi, kisha apigiwe simu palepale wasalimiane.